Watu wa Jefwa

Jumapili ile Mahfudha aliamka akijua kwamba kabla ya adhuhuri Jefwa atakuja Mambrui kumposa kwa mara ya pili, na kwamba safari hii akirudishwa, hakutakuwa na ya tatu.

Baba yake alikuwa ameshalisema hilo waziwazi. Mzee Msellem aliuza vitambaa katika duka lililokuwa ubavuni mwa nyumba yake. Kitambaa alikipima mara moja tu, akakata. Na maneno yake yalikuwa hivyo hivyo.

“Simkatai kwa dini,” alikuwa amemwambia mkewe, Bi Mwanatumu, siku ya Ijumaa, akijua fika kwamba binti yuko nyuma ya pazia anasikia. “Mwislamu ni Mwislamu. Wala simkatai kwa kazi, fundi wa simu ana kazi ya heshima. Lakini ndoa ni watu, Mwanatumu. Hapa mtu huozwa kwa watu wake. Huyo Jefwa ana watu gani? Mjomba mmoja tu kutoka milima ya Rabai, kaja hapa na kanzu inayomwishia magotini! Kama kweli anamtaka binti yangu, na aje na watu wake niwaone. Akishindwa, Mahfudha aache hiyo kazi ya Posta, arudi nyumbani, tumtafutie wa kwao.”

“Na Mahfudha mwenyewe umemuuliza?”

“Huulizwa akishapata mtu wa kuulizwa juu yake.”

Sasa Mahfudha alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya tano. Mama yake alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

“Nazi hizo ni za watu wangapi, mwanangu?”

“Sijui, mama. Sijui watakuja wangapi.”

“Na wasipokuja?”

“Watakuja.”

“Yule mjomba hatakuja, Mahfudha. Nilimwona alivyoondoka. Mtu aliyeondoka vile harudi.”

Mahfudha aliendelea kukuna nazi. Naye alimwona. Mwezi mmoja uliopita mjomba huyo, Mzee Nzai, alifika peke yake, jasho limemlowesha mgongo, akabisha hodi kwa adabu zote. Baba hakumwambia karibu. Alimwacha amesimama juani, akamuuliza maswali matatu kama anayemhoji mwizi, kisha akamgeukia jirani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, “Wanyika hawa, hata kanzu hawajui kuvaa!” Watu wakacheka. Mzee Nzai akasimama pale kidogo, kama mtu anayetafuta alipodondosha kitu, halafu akasema taratibu, “Sitakanyaga kizingiti hiki tena mpaka mwenye nyumba anitokee mwenyewe anikaribishe.” Akaenda zake. Hata maji hakunywa.

Siku ile Mahfudha alilia mpaka macho yakavimba. Alimlilia mzee wa watu, akajililia na yeye mwenyewe, maana Jefwa hakuwa mtu wa kumwacha akaenda hivihivi.

Alimpenda kwa sauti kabla hajamwona. Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, naye ana wiki tatu tu katika chumba cha simu cha Posta ya Malindi, vidude vya kusikilizia vinamchubua masikio. Taa ndogo iliwaka mbele yake, akachomeka waya.

“Malindi, niko juu ya nguzo hapa Kakoneni. Wanisikia?”

“Nakusikia. Wewe nani?”

“Jefwa, fundi wa laini. Na wewe ni mgeni. Wenyeji hawaniulizi jina, hunifokea tu.”

Akacheka bila ya kukusudia.

“Cheka tena,” sauti ikasema. “Nipime kama laini imekaa sawa.”

Tangu hapo laini ya Kakoneni ikawa inapimwa kuliko laini yoyote pwani nzima, mpaka Kasiva, msimamizi wao, Mkamba wa makamo mwenye kicheko cha kutingisha viti, akamwinamia sikioni siku moja. “Mwanangu, hiyo laini ya Kakoneni ina ugonjwa gani usiopona?”

Chumba kile kilikuwa na wanawake watano na lugha saba. Mpigaji akija na Kikamba, Kasiva alimpokea. Akija na Kigiriama au Kipokomo au Kibajuni, palikuwa na wa kumjibu, na asiyejua alijifunza. Mchana Kasiva alikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: hakuna kula chakula cha kwenu. Vyombo vilifunguliwa, vikazungushwa, na kila mtu akala cha mwenzake. Mahfudha, aliyekulia katika mtaa ambao kila jirani ni binamu yake, alionja pale mahindi ya kukoboa ya Ukambani na viazi vya kupondwa vya Nyeri, na mkate wake wa sinia ukagombewa mpaka makombo. Mwanzoni alikula kwa kuona haya ya kukataa. Baada ya mwaka alikuwa akila kwa hamu. Na huko ndiko Jefwa alikomfundisha Kirabai, neno kwa neno, yeye juu ya nguzo na Mahfudha mbele ya mitambo, hata siku walipokaa kibarazani mwa Posta uso kwa uso kwa mara ya kwanza, wote wawili wakakosa la kusema kwa lugha yoyote.

“Mama,” Mahfudha alisema, akipangusa mikono, “baba akikataa leo, mimi sitaolewa na mtu mwingine.”

“Usile yamini.”

“Sili yamini. Nakwambia tu.”

Nje palisikika honi.

Ilikuwa pikapu ya buluu, na watoto wa mtaa walikuwa wakiikimbilia kwa nyuma. Mahfudha alipanda dari mbio, akachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Watu walikuwa wakishuka nyuma ya gari. Alihesabu mpaka kumi na wanne akaacha. Wanawake wenzake wote wa chumba cha simu walikuwapo, wawili wamevaa mabuibui, mmoja leso mpya. Badi, dereva wa mafundi, mtu wa Faza, alivaa kanzu na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, iliyotulia kichwani kama taji. Dedan, karani wa telegramu, alikuwa na koti na tai katika joto lile. Kasiva alishushwa na watu wawili, akatia mguu chini, akajinyoosha kitenge.

Jefwa alishuka wa mwisho. Kanzu nyeupe, kichwa chini. Kisha, kama aliyeitwa, akainua macho moja kwa moja mpaka kwenye upenyo ule. Hakuweza kumwona. Mahfudha alijua hawezi kumwona. Na bado alirudi nyuma hatua moja, mkono kifuani, kana kwamba ameguswa.

“Assalaam alaykum! Hodi wenyewe!” Badi aliita.

Salamu ile Mzee Msellem hakuweza kuiacha ianguke. “Wa alaykum salaam. Karibuni.”

Wakajaa barazani. Waliokosa nafasi walisimama. Majirani nao walisogea, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapita. Mahfudha alishuka akasimama nyuma ya pazia la ukumbini, mama yake ubavuni.

“Bwana Badi,” Mzee Msellem alianza, “wewe nakujua na ukoo wako naujua. Imekuwaje ukawa msemaji wa kundi hili?”

“Mimi si msemaji, mzee. Mimi ni dereva tu. Msemaji wetu ni huyu.”

“Mwanamke?”

“Shikamoo, mzee,” alisema Kasiva.

“Marahaba.”

“Naitwa Kasiva. Kwetu ni Kitui, na Malindi nina miaka ishirini na miwili. Binti yako yuko chini ya mkono wangu kazini, na kijana huyu namjua tangu aanze kazi, ndevu hana. Najua kwenu mwanamke hakai barazani kwenye shughuli kama hii. Ukiniambia niingie ndani nitaingia, nitakaa na wenzangu, sitanuna. Lakini maneno niliyobeba ni ya nje.”

Mtu mmoja alicheka, akakohoa haraka. Mzee Msellem alimwonyesha Kasiva pa kukaa.

“Basi kaa,” alisema. “Sema.”

“Kwanza barua. Dedan, mpe mzee. Huyu ni Dedan, Mkikuyu anayekaa Kisumu Ndogo, kwa Wajaluo.”

Majirani waliangua kicheko, na Dedan mwenyewe akatabasamu, akatoa bahasha kwa mikono miwili. Mzee Msellem alivaa miwani, akaisoma kwa sauti.

“‘Jefwa amposa Mahfudha. Watu wake tumefika. Twangojea jawabu.’” Akaigeuza karatasi nyuma. Akaigeuza tena. “Ndiyo yote?”

“Samahani, mzee,” Dedan alisema. “Kazi ya telegramu imeniharibu. Neno la ziada huniuma.”

Safari hii hata Mzee Msellem midomo ilimcheza. Lakini aliikunja barua, na uso wake ukarudi ulipokuwa.

“Mmekuja kwa adabu, nami nitawajibu kwa adabu. Nilisema Jefwa aje na watu wake. Nyinyi ni watu wa kazini kwake. Kazi huisha. Leo mtu yuko Malindi, kesho kahamishiwa Garissa, nani atamjua? Watu wa mtu si wale anaokaa nao kiti kwa kiti. Watu wa mtu ni wale watakaomzika.”

Nyuma ya pazia, Mahfudha alimtazama mama yake. Lilikuwa neno zito, tena la kweli, na hakuona lingejibiwaje.

Dedan ndiye aliyesimama.

“Mzee, niruhusu, ingawa mimi si msemaji. Mwaka jana nilifiwa na mtoto. Alikuwa na miezi minne. Kwetu Nyeri ni mbali, sikuwa na jamaa hata mmoja hapa, nami nilikaa mbele ya ile maiti ndogo sijui nianzie wapi. Aliyechukua jembe ni Jefwa. Alichimba kaburi tangu alfajiri, hakukubali mtu ampokee. Badi aliteka maji. Mama Kasiva alilala kwetu siku saba, akamshika mke wangu. Na kulikuwa na msichana mmoja aliyetuletea chakula kila alipotoka kazini, sufuria kichwani, kwa miguu, kutoka Posta mpaka Kisumu Ndogo.” Akamgeukia Mzee Msellem. “Alikuwa mwanao, mzee. Hakukwambia?”

“Hakuniambia,” alisema Mzee Msellem.

“Basi mimi nakwambia. Kama watu ni wale wanaozika, sisi tumeshazikana.”

Bi Mwanatumu aligeuka, akamtazama binti yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. “Zile siku ulizokuwa ukichelewa,” alinong'ona. “Nami nikikugombeza.”

“Ndizo, mama.”

“Mbona hukusema?”

“Baba angeuliza ni msiba wa nani.”

Barazani, Mzee Msellem alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu, akaivaa tena. “Mola akupe badala njema, kijana,” alimwambia Dedan, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Hilo silipingi. Lakini posa ina utaratibu wake, nami siwezi kuuvunja mbele ya watu hawa wote. Lazima awepo wa damu. Hata mmoja. Mjomba wake yuko wapi?”

Hapo Jefwa akasema kwa mara ya kwanza. “Yuko ndani ya gari, mzee.”

Shingo zote ziligeuka. Kweli, kwenye kiti cha mbele cha pikapu kulikuwa na kivuli cha mtu, kofia imewekwa magotini.

“Mbona hashuki?”

“Wajua kwa nini hashuki, mzee.”

Majirani waliotafuta pa kutazama wakatazama chini. Ndio wale wale waliocheka mwezi uliopita.

Jefwa alisimama. Mahfudha aliifahamu sauti ile kuliko mtu yeyote pale. Ameisikia kwenye mvua, kwenye upepo, kwenye laini mbovu zenye mikwaruzo. Hajapata kuisikia ikitetemeka.

“Mzee, mimi baba yangu, Salimu, alikuwa Mwislamu. Alifariki nina miaka minne, mjomba wangu akanichukua. Yeye ni Mkristo, babu zake walibatizwa kule Rabai zamani. Angenibatiza nami nisingejua tofauti. Alikataa. Alisema, ‘Mtoto ana dini ya baba yake, na mimi si mwizi wa dini ya maiti.’ Akawa ananipakia kwenye baiskeli kila siku kunipeleka chuo cha Kurani, maili tatu, ananingoja nje mpaka nimalize kusoma. Miaka sita. Msahafu nilionao ni yeye aliyeninunulia.”

Akalitazama gari.

“Alipokuja hapa, mzee, alikuwa na suti yake ya kanisani. Nzuri, imepigwa pasi. Akaiacha kitandani, akaenda kuazima kanzu kwa jirani. Alisema, ‘Naenda kwa watu wa kanzu, nisije nikawavunjia heshima.’ Jirani ni mfupi. Ndiyo maana ikamwishia magotini.”

Alikaa.

Mzee Msellem aliinama. Aliangalia mikono yake. Mahfudha aliyajua mabega yale. Baba yake akishapatikana na kosa, aliweza kukaa vile mpaka muadhini aite, si kwa kuwa hakuona, bali kwa kuwa hajui kurudi nyuma mbele za watu. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Na dakika zilikuwa zikipita, na Kasiva kashaanza kumtazama Badi, na Badi kashaanza kupapasa funguo za gari mfukoni.

Mahfudha aliingia jikoni, akachukua birika la kahawa lililokuwa juu ya makaa, akaliweka kwenye sinia. Akavaa buibui.

“Waenda wapi?” mama yake aliuliza.

“Nje.”

“Mbele ya wanaume wote wale? Siku ya posa yako?”

“Ndiyo, mama.”

Bi Mwanatumu alisimama mlangoni kama atakayemzuia. Kisha akageuka, akafungua kabati la ukutani, akatoa kikombe chembamba cha kaure chenye mstari wa dhahabu, kile kilichotolewa Idi mbili tu kwa mwaka, akakiweka juu ya sinia.

“Usiwape wageni vikombe vya jikoni,” alisema. “Nenda.”

Alipotokeza barazani, mazungumzo madogo yalikatika. Alipita mbele ya baba yake. Alipita mbele ya Jefwa, karibu kiasi cha upindo wa buibui kugusa goti lake, na hakumtazama, kwa sababu angemtazama asingefika. Aliteremka ngazi, akavuka mchanga wa njia, jua kali machoni, mtaa mzima mgongoni mwake.

Mzee Nzai alikuwa amevaa suti ile ya kanisani. Aliona sinia kwanza, kisha aliyeibeba.

“Mwalamukadze, mjomba?” Mahfudha alimwamkia.

Mzee alishtuka. Aliitikia kwa lugha ya kwao, akamuuliza habari za nyumbani, naye akajibu. Akamuuliza za usiku, akajibu. Ndipo akaingia kwenye Kiswahili.

“Nani aliyekufundisha hayo?”

“Mpwa wako. Kwa simu.”

“Kakufundisha vizuri. Umesema kama watu wa kwa mama yangu.”

“Mjomba, nimekuja kukuomba radhi. Kukukaribisha nyumbani siwezi, nyumba si yangu. Lakini kahawa hii nimeipika mimi, na gari hili si kizingiti cha mtu. Naomba uipokee.”

Mzee Nzai alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, labda kwa vumbi la njiani. Alipokea kikombe, akakizungusha vidoleni, akaona mstari wa dhahabu.

“Mimi na wewe hatuna neno, mwanangu,” alisema. “Tangu siku ile sikuwa na neno na wewe.”

Akanywa. Na alipokuwa akinywa, Mahfudha aliona macho ya mzee yakipita juu ya bega lake na kukaa hapo.

“Mahfudha,” sauti ya baba yake ilisema nyuma yake, “nipishe.”

Alipisha. Mzee Msellem alikuwa amesimama mchangani, miguu mitupu. Viatu vyake alivisahau barazani. Nyuma yake hakuna aliyethubutu kusogea.

“Bwana Nzai,” alianza, akasita. Akaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi, sauti ile ile ya kusikika mpaka msikitini. “Bwana Nzai, ulinijia na heshima, nikakurudisha na dharau. Nilikutukana watu wakasikia. Basi na wasikie sasa. Nimekosa. Nakuomba unisamehe, na nakuomba uingie nyumbani kwangu.”

Akanyoosha mkono.

Mahfudha alisogeza sinia karibu. Mzee Nzai hakufanya haraka. Alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe mahali pake, akavaa kofia, akaikaza.

“Nishike vizuri basi,” alisema. “Goti hili na magari hayaelewani.”

Mzee Msellem akamshika mpaka akashuka, na wale wazee wawili wakapanda ngazi pamoja, wakitegemeana, mmoja kanzu na mwingine suti. Kasiva alipiga kofi moja kubwa, akajikumbuka, akakunja mikono. Badi alikuwa akifuta uso kwa kofia yake ya vito bila ya kujali itakavyoharibika. Mzee Msellem alimkalisha mgeni wake pahala pake mwenyewe, penye mto, akakaa upande wa kulia.

“Sasa,” alisema, akivuta pumzi, “posa yenu imetimia. Kila mtu yupo. Mimi sina pingamizi.” Alingoja mnong'ono upoe. “Limebaki la mwenyewe. Kwetu binti huulizwa, na akinyamaza, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mahfudha, Jefwa amekuposa. Wasemaje?”

Mahfudha alikuwa amefika mlangoni, mama yake yuko nyuma ya pazia, anapumua kwa haraka. Tangu utotoni alifundishwa namna ya kusimama siku hii: macho chini, upindo wa buibui mdomoni, kimya. Shangazi zake wote walinyamaza. Mama yake alinyamaza. Ilikuwa rahisi. Alihitaji tu kusimama pale.

Aliwatazama waliojaa barazani, kila mmoja na kwao, kila mmoja ameacha mapumziko yake ya Jumapili akapanda nyuma ya pikapu kuja kuwa ukoo wa mtu.

“Sitanyamaza, baba,” alisema.

Mtu alivuta pumzi kwa mshtuko. Mzee Msellem aligeuka.

“Nikinyamaza, atakuja mtu kesho aseme niliona haya tu, au nililazimishwa, au sikusikia nilichoulizwa. Basi nasema. Nimemridhia Jefwa. Nimemridhia yeye na mjomba wake, na hawa wote aliokuja nao. Nimemridhia tangu siku sijamwona uso.”

Kigelegele cha kwanza kilitoka mahali ambapo hakuna aliyekitazamia: nyuma ya pazia, kwa Bi Mwanatumu, kirefu, chembamba, kikapanda mpaka darini. Kasiva akakidaka, akakijibu kwa mlio wa Ukambani, mzito, kutoka tumboni. Wanawake wa chumba cha simu wakaingia kila mmoja na mlio wa kwao, na kutoka madirisha ya jirani, wale wale waliocheka mwezi uliopita wakaitikia, maana furaha ikishabisha hodi katika mtaa kama ule hakuna wa kuifungia mlango. Dedan alikuwa amemkumbatia Jefwa shingoni, tai imegeukia mgongoni. Mzee Nzai alikuwa anamweleza Mzee Msellem jambo kwa mikono miwili, na Mzee Msellem anacheka, anacheka mpaka miwani inamtelemka.

“Mkwe,” alisikika akisema. “Mkwe wangu, ngoja, ngoja, hilo lirudie tena.”

Jefwa alijitoa mikononi mwa Dedan, akasimama. Kati yake na mlango palikuwa na watu wote wale, na adabu haikumruhusu kupiga hata hatua moja. Akabaki pale pale, akainua uso.

Na Mahfudha, mbele ya baba yake, mbele ya Mambrui nzima, alimtazama, akatabasamu, wala hakuinamisha macho.